Kiti cha Hisani

Ndege ilipotua mtoni mara ya kwanza, mbele ya jiji zima, watu wa ukingoni walisimulia mengi. Kuna aliyeapa kwamba kambale mmoja mzee, aliyejulikana na wavuvi wote kwa masharubu yake, alihama siku ileile na ukoo wake bila kuaga. Mama mmoja alidai kuku wake walitaga mayai yasiyo na kiini kwa ajili ya ule mngurumo. Hakuna aliyeweza kumbishia, maana mayai yenyewe alikuwa ameshayauza. Lakini kilichowachekesha wote, wakubwa kwa wadogo, ni kwamba ndege ilikuwa imevaa viatu. Mahali ambapo ndege nyingine huweka magurudumu, hii ilikuwa na maboya mawili marefu ya bati, kama mitumbwi miwili iliyozibwa juu, na hayo ndiyo yaliyoifanya ielee. Tangu siku hiyo yakaitwa viatu, na hata rubani mwenyewe akaishia kusema viatu.

Mtunzaji wa viatu hivyo alikuwa bwana mmoja mrefu, mcheshi, ambaye gatini walimwita Kamba kwa kuwa ndiye aliyeidaka kamba ya ndege ilipowasili na ndiye aliyeifungua ilipoondoka. Asubuhi, kabla ya abiria kufika, alichuchumaa juu ya maboya na bomba la mkono, akafungua vizibo, akayanyonya maji yaliyokuwa yamevuja ndani. Maji ni uzito, na pale gatini uzito ulikuwa kama dini. Kulikuwa na mizani ya chuma, pana kama mlango, na kila abiria alipanda juu yake akiwa na mizigo yake mkononi. Karani akasoma kwa sauti ya kutangaza, rubani akasikia kutoka kwenye ndege na kuandika. Watu wenye heshima zao, waliozoea kufunguliwa milango, walisomwa kama magunia. Wapo waliowapa wake zao mikoba wawashikie, kana kwamba wake nao hawatapanda.

Kamba aliishi na mkewe na mama yake nyuma ya chumba cha cherehani. Mke alikuwa fundi wa nguo, na kati ya chumba chake cha kazi na chumba cha mama mkwe kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba tu. Mama alisema ule mlio wa cherehani ndio redio yake. Alikuwa ameletwa mjini kwa sababu ya nyonga, iliyomfanya atembee akiegemea kiti cha plastiki, akikisukuma mbele na kukifuata.

Kisha simu ikaja kutoka juu mtoni. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, yuko kitandani hajiwezi. Anamtaka dada yake. Anamtaja mpaka anamwita muuguzi kwa jina lake.

"Nipelekeni," mama akasema.

Hakuwa na haja ya kueleza. Mdogo wake huyo alilelewa na yeye mwenyewe. Mama yao alipofariki, alimfunga mgongoni naye mwenyewe hajamaliza kukua, akapika naye, akachota maji naye, na akadai kwamba mgongo wake ulijipinda kwa umbo la yule mtoto na haukunyooka tena.

Kumfikisha ndiko kulikokuwa kazi. Daraja la barabara ya juu lilikuwa limechukuliwa na maji, na boti za mizigo zilipanda mto polepole, abiria wakikaa juu ya mbao siku na siku. Kwa nyonga ile ingekuwa kupeleka maiti. Na tiketi ya ndege ilikuwa ya watu wenye masanduku ya magurudumu. Lakini kampuni ilikuwa na utaratibu wake: ndugu wa mfanyakazi aliweza kusafiri bure iwapo, baada ya abiria wote na mizigo yao kupimwa, nafasi ya uzito ilibaki. Waliuita kiti cha hisani.

"Basi mama anaruka," Kamba akasema. "Na akirudi hapa tutamwita Mheshimiwa."

*

Siku ya kwanza mama alivaa gauni lake la safari, lile la buluu, na viatu vyeusi vya ngozi ambavyo hakuwahi kuvivaa tangu aje mjini. Mkamwana wake alivipiga rangi mpaka vikang'aa. Wakafika gatini mapema, wakakaa kwenye benchi, wakasubiri wenye tiketi wapimwe.

Wa mwisho alikuwa mkandarasi. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kujenga upya lile daraja, na kwa kuwa daraja halikuwepo, alikwenda kulijenga kwa ndege. Alikuwa na boksi kubwa la barafu, limejaa nyama na vinywaji vya kambini kwake.

"Sasa mama," karani akaita. Alikuwa binti mwenye adabu, mwenye sauti iliyozoea kutangaza. "Simama katikati ya bati. Dada, mwachie."

"Nikimwachia ataanguka," mke wa Kamba akasema.

"Ukimshika nitakuwa nimewapima wawili."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mama akasimama, mikono ikitafuta kiti chake hewani.

"Sitini na mbili," karani akatangaza.

"Na viatu?" mama akauliza.

"Pamoja na viatu."

"Basi ngoja." Akaanza kuinama avivue, akashindwa, na mkamwana akapiga magoti mbele ya wageni wote akamvua. Soksi ya mguu mmoja ilikuwa na tundu kidoleni. Mkandarasi akatazama mto.

"Sitini na moja. Iliyobaki ni hamsini tu, mama. Umezidi."

"Pole sana, mama yangu," mkandarasi akasema kutoka moyoni. "Siku nyingine utapata."

Kamba alimtazama mama yake, akaenda kufungua kamba. Aliisukuma ndege kwa bawa, ikageuka, ikanguruma, ikakimbia juu ya maji na viatu vyake vikichana povu, ikapaa. Mama aliifuata kwa macho mpaka ikawa saizi ya nzi.

Jioni ile walikula pamoja, na nyumba ilikuwa imepoa. Kamba hakupenda nyumba iliyopoa.

"Tatizo, mama," akasema, "mwili huo ni wa abiria aliyelipa. Abiria wa hisani anatakiwa awe kama mimi, ukinitazama kwa ubavu hunioni. Wewe punguza kidogo tu, utaruka hata bila ndege."

Wakacheka wote. Mama ndiye aliyecheka zaidi, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Kesho yake akasema nyonga inamsumbua kukaa mezani. Aletewe chakula chake chumbani.

*

Kila siku ya safari walikwenda. Gauni la buluu, viatu vyeusi, kiti cha plastiki kikikwaruza mbao za gati. Mama akawa sehemu ya mahali pale, na abiria wa kila mara wakamzoea.

"Mama wa Mizani, leo vipi?"

"Leo naona bawa moja limeshaota," naye akajibu.

Na kweli alikuwa akipungua. Kila alipopanda, namba ilishuka. Lakini boksi la barafu lilikuwa pale, au jenereta, au mgeni mnene mwenye kamera zake, na uzito uliobaki ukawa daima mdogo kuliko mama.

"Unafanya mazoezi gani, mama?" karani akamuuliza siku moja. "Nifundishe na mimi."

"Ya kusubiri."

Kamba alifurahi. Alianza kuisoma sindano ya mizani kabla ya kumtazama mama yake usoni, na akitoka pale alitembea kama mtu aliyeshinda kesi. "Tunakaribia," akamwambia mkewe. "Bado kidogo tu."

Mkewe alikuwa amekaa kwenye cherehani, gauni la buluu mapajani, akifumua mshono wa ubavuni.

"Hili gauni nalipunguza mara ya pili," akasema kwa sauti ya chini, kwa sababu ya ule ukuta. "Mara ya kwanza nilidhani nilikosea kupima. Mimi sikosei kupima, mume wangu."

"Mtu akiumwa anakonda."

"Nyonga haikondeshi hivi. Nilipomzungushia futi kiunoni, kipimo cha zamani kilipwaya. Nikamuuliza, mama unakula? Akaniambia, bakuli si unaliona."

"Na bakuli linarudi na kitu?"

"Linarudi tupu. Safi, kama limelambwa."

"Basi unataka nini tena? Mtu anakula, anamaliza, anakonda kwa mawazo ya mdogo wake. Akifika kule atanenepa."

Mke akamtazama juu ya miwani. "Unaongea kama mwenye ndege."

Kamba akatoka nje. Alijua kuna jambo. Lakini ni rahisi kutolijua jambo ambalo linakusogeza karibu na unachokitaka, na huko juu mtoni simu zilikuwa zikija: bado yupo, bado anamwita, fanyeni haraka.

*

Siku ilipofika, ilifika vizuri mno. Abiria wawili walikuwa wameghairi. Mkandarasi alikuwa na boksi moja tu safarini, la pili ameambiwa litasubiri. Mto umetulia kama maji ya beseni.

Mama alipanda mizani. Mkamwana hakuambiwa amwachie, alimwachia mwenyewe kwa mazoea. Mama alisimama akiyumba.

"Hamsini kasoro mbili," karani akatangaza, na sauti yake ikapanda. "Na viatu vyake. Mama, nafasi ipo. Nafasi ipo na chenji inabaki."

Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja mwenye mkongojo akampa mkono. Kamba, pale mwisho wa gati na kamba mabegani, aliinua mikono yote miwili juu kama mchezaji aliyefunga bao, na kwa kitambo kidogo kila mtu pale alifurahia kwamba mwanamke huyu amepungua kiasi kile.

Rubani akashuka amsaidie kuvuka kutoka gatini kwenda kwenye boya. Ni hatua ndogo, watoto huiruka.

"Nipe mkono, mama. Sasa mguu."

Mama aliinua mguu. Ulifika nusu, ukatetemeka, na goti la mguu wa pili likakunjika kimyakimya kama karatasi. Kamba alimdaka. Kwa kazi yake aliyajua mambo ya uzito kwa mikono, na mikono yake ilishtuka. Ilikuwa kama kudaka nguo zilizoanuliwa.

Rubani akachuchumaa mbele yake, akamtazama machoni, akamshika kifundo cha mkono. "Mama, mara ya mwisho kula ni lini?"

"Nimekula."

"Nini?"

Mama akatazama mlango wa ndege.

Rubani akasimama. "Kamba, njoo hapa." Hawakwenda mbali, gati lenyewe halina mbali. "Mama yako anaumwa."

"Ni nyonga, bosi."

"Si nyonga. Siwezi kumbeba bila karatasi ya daktari. Akizimia huko juu, mimi nina mikono miwili na yote ipo kwenye usukani."

"Ni saa moja tu, bosi."

"Ndiyo hiyo saa moja ninayoizungumzia."

"Ametoka hapa kila siku mizani ikimkataa. Leo imemkubali. Wewe mwenyewe umesikia."

"Nimesikia. Leo ninayemkataa ni mimi." Rubani alivua kofia akaivaa tena. Hakuwa mtu mbaya, na hilo halikusaidia chochote. "Mpeleke hospitali. Akipata nguvu nitampandisha mwenyewe mbele, karibu yangu."

Mkandarasi akakohoa.

"Samahani, sitaki kuonekana vibaya," akasema. "Lakini kama nafasi inabaki wazi, nina boksi la pili pale."

Karani akamtazama Kamba, akashusha macho, akalipima. Lilitosha. Kupakia mizigo ilikuwa kazi ya Kamba, na akaifanya. Alilinyanyua lile boksi la barafu, likimdondoshea maji baridi kifuani, akaliingiza mpaka ndani. Nyuma palikuwa pamejaa. Akaliweka kwenye kiti na kulifunga mkanda, kwa kuwa kitu kisichofungwa huruka ndege ikiyumba. Halafu akashuka, akafungua kamba, akasukuma bawa.

Mama alikuwa amelazwa kwenye benchi, kichwa mapajani pa mkamwana wake.

"Limekaa dirishani," akasema.

"Nini, mama?"

"Lile boksi."

*

Walimrudisha kwa mkokoteni wa muuza maji, aliyewafadhili bila kuulizwa. Mke wa Kamba alipoinama kutafuta ndala za mama chini ya kitanda, mkono ulikutana na mkebe wa rangi wenye kifuniko. Akaufungua. Harufu ikamrudisha nyuma.

Alitoka nao mpaka uani, alikokuwa Kamba akijimwagia maji usoni.

"Njoo uone kilicholambwa."

Ulikuwa uji, na wali juu ya uji, na mchuzi juu ya wali, vimechacha na kufanya povu. Siku zote mama aliumwaga mwenyewe chooni akijikokota na kiti chake, mkebe ukiwa umefichwa chini ya khanga. Siku hizi mbili tatu hakuweza tena kufika.

Kamba alisimama na maji yakimtiririka kidevuni.

"Nani amemwambia afanye hivi?" akauliza.

Mkewe akaufunika mkebe.

"Mimi nilikuwa natania."

"Wewe ulikuwa unatania," mkewe akasema. "Mwenzako alikuwa na safari."

Hospitalini walisubiri mchana kutwa kwenye korido, wakapewa dripu na ushauri. Arudi nyumbani, ale kidogo kidogo, mara nyingi. Daktari aliandika haraka. Kuhusu karatasi ya kupanda ndege alitabasamu tu, akafikiri ni mzaha.

Lakini mama hakula. Walimketisha na mito, mkamwana akapuliza kijiko mpaka uji ukapoa, na mama akafunga mdomo kama mtoto.

"Mkinilisha nitazidi," akasema.

"Mama, ndege haina haja na—"

"Nilifika. Nilikuwa ndani ya uzito. Ni mguu tu ulioniangusha." Akageuza uso ukutani. "Safari ijayo mtanibeba. Kamba ana mikono."

Viatu vyeusi vilikuwa sakafuni kando ya kitanda, vimepangwa sambamba, ncha zikiuelekea mlango. Alikuwa amekataa virudishwe kabatini.

*

Simu ilikuja siku mbili baada ya ile ya gatini, mchana, mke akiwa kazini kwenye cherehani. Kamba aliipokea akiwa amesimama kati ya marobota ya vitambaa. Alisikiliza, akasema ndiyo, akasema ndiyo tena, akasema Mungu amlaze pema. Cherehani ikanyamaza.

"Lini?" mkewe akanong'ona.

"Juzi. Wameshamzika."

"Juzi tukiwa gatini?"

"Asubuhi ileile, kabla ndege haijafika kule."

Mke akaondoa kidole kwenye kitambaa, akakiangalia kama kimechomwa. "Inabidi aambiwe."

"Nikimwambia, anakula kwa ajili ya nani?"

"Na usipomwambia, anashinda njaa kwa ajili ya ndege. Chagua."

Kamba hakuchagua. Akaenda jikoni, akatia uji kwenye bakuli lake mwenyewe, lile kubwa, akaingia nao kwa mama. Akavuta kile kiti cha plastiki na kukikalia. Akavaa sura yake ya utani, ambayo siku hiyo ilikuwa kama kofia ya mtu mwingine.

"Mama, kuna mapya. Sheria ya gatini wameigeuza."

Mama akamtazama.

"Rubani ameleta amri. Abiria mwepesi sana hapandi tena. Eti ndege inayumba, inamtupatupa mtu kama jani. Sasa kila mtu lazima afike hamsini na tano. Asiyefika anarudishwa akale."

"Hamsini na tano."

"Na viatu."

"Kumbe," mama akasema.

"Hata karani mwembamba yule amekatazwa kusogea karibu na ndege."

Mama hakucheka. Macho yake yalikwenda kwenye ukuta wa mbao, ambao nyuma yake cherehani ilikuwa bado imenyamaza, yakakaa hapo kidogo, yakarudi kwa mwanawe. Yalimtazama shingoni, alikokuwa akimeza mate.

"Na mdogo wangu?"

"Anakusubiri," Kamba akasema.

Mama alinyoosha mkono. Kamba akampa kijiko, halafu akaona hawezi kukiinua, akakichukua tena akamlisha mwenyewe. Mama alimeza. Akafungua mdomo, akameza. Alikula polepole, machozi yakimtoka bila sauti na yakiingia pembeni mwa mdomo pamoja na uji, na mwanawe akajifanya anafuta uji.

Bakuli lilipokwisha, mama alishusha mguu mmoja kutoka kitandani. Kamba alidhani anataka kwenda chooni, akainuka amshike. Lakini mama alikuwa akitafuta sakafuni kwa kidole. Aligusa kiatu kimoja, akakisukuma. Akagusa cha pili. Akavisukuma vyote viwili, taratibu, mpaka vikapotea chini ya kitanda, kule ulikokuwa mkebe.

"Kesho tia sukari," akasema, na akalala.